Walioshinda Kesi Sio Waliosoma: Shule ya Moton, Farmville

Machi 18, 1963, Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa Marekani na mdogo wake rais, alihutubia mjini Louisville, Kentucky, katika maadhimisho ya miaka 100 ya tangazo la kuwaacha huru watumwa. Katikati ya hotuba alitaja sehemu za dunia ambazo watoto wake hawakuwa na elimu ya bure ya serikali. Afrika kusini ya Sahara aliiweka kando kwanza, akasema huko elimu bado ni mtihani mgumu. Kisha akahesabu waliobaki: China ya Kikomunisti, Vietnam ya Kaskazini, Sarawak, Singapore, Honduras ya Uingereza. Na Prince Edward County, Virginia.

Mimi ni Mtanzania, kwa hiyo mara ya kwanza niliposoma maneno hayo nilikwama pale penye Afrika. Machi 1963 Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Wazazi wetu walikuwa wanafyatua matofali kwa mikono ili wapate vyumba vya madarasa, na aliyemaliza darasa la nane aliitwa msomi. Hilo lilikuwa tatizo la kukosa. Kule Virginia hawakukosa kitu. Majengo yalikuwepo, madawati yalikuwepo, mabasi ya njano yalikuwepo, kodi ililipwa. Kaunti nzima ilikuwa imezifunga shule zake zote kwa makusudi, tangu 1959, ili mtoto mweusi asikae darasa moja na mtoto mweupe.

Siku hizi ninaishi Richmond, makao makuu ya Virginia. Farmville, mji mkuu wa kaunti ile, uko kama kilomita 100 kusini magharibi, na njiani ni misitu ya misonobari na mashamba yaliyokuwa ya tumbaku. Nimekwenda huko zaidi ya mara moja, na kila nikirudi nakuwa na ubishi kichwani juu ya jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa. Kinasimuliwa kama kisa cha siku moja ya mgomo na msichana mmoja jasiri. Msichana alikuwa jasiri kweli, na nitamfikia. Ila waliokuja kulipia ujasiri ule ni watoto wengine, wengi wao wakiwa hawajazaliwa au wakiwa bado wanabebwa mgongoni siku ya mgomo.

Tuanze na jengo. Ni la matofali, ghorofa hakuna, limekaa kwenye kona ya Main Street. Lilijengwa 1939 kwa msaada wa fedha za mpango wa serikali kuu wa kazi za umma wakati wa mdororo wa uchumi, likagharimu takriban dola 40,000, kwa hesabu ya wanafunzi 180. Lilipewa jina la Robert Russa Moton, na jina hilo linatuhusu kuliko wasomaji wengi wanavyodhani.

Moton alizaliwa 1867, miaka miwili baada ya utumwa kuisha, akakulia hapo hapo Prince Edward. Alisoma Hampton Institute, chuo cha weusi hapa Virginia, akakaa huko miaka mingi akiwa mkuu wa nidhamu, hata watu wakazoea kumwita Meja Moton. Booker T. Washington, mwasisi wa chuo cha weusi cha Tuskegee huko Alabama, alipofariki 1915, yeye ndiye aliyemrithi. Alikuwa mtu wa upole na tahadhari, anayejua kuzungumza na wazungu wenye fedha bila kuwaudhi. Hata upole huo haukutosha: 1922, alipoalikwa kuzungumza kwenye uzinduzi wa mnara wa ukumbusho wa Lincoln, rais aliyetangaza uhuru wa watumwa, mjini Washington, waandaaji waliikata hotuba yake wakaondoa yaliyowachoma, na wasikilizaji weusi wakakalishwa sehemu yao ya kubaguliwa. Ukumbusho wa Lincoln, jamani.

Falsafa ya Hampton na Tuskegee ilikuwa elimu ya mikono: kilimo, useremala, kushona, usafi wa nyumba. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa elimu wa Kimarekani, ilipozunguka Afrika Mashariki, akiwemo Mwafrika mmoja tu, James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), iliwapendekezea watawala wetu wa kikoloni mfano ule ule. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, Kenya, ikifuata mtindo wa walimu wa vijijini waliofadhiliwa na mfuko wa Jeanes, na mwalimu wa kwanza wa mfuko huo alikuwa mwanamke mweusi wa Virginia hii hii, Virginia Randolph. Kwa hiyo bustani za shule walizolimishwa babu zetu zina undugu na Farmville. Wazo lilitoka kwa watu walioambiwa kwamba elimu yenye vitabu vingi si yao kwanza.

Lakini wazazi weusi wa Prince Edward walitaka vitabu. Hapa lazima niwataje wanawake, kwa sababu kwenye simulizi nyingi wanapewa mstari mmoja. Mwaka 1920 Martha Forrester alianzisha baraza la wanawake weusi mjini Farmville. Baraza hilo liliisumbua bodi ya shule mwaka baada ya mwaka: ongezeni darasa, refusheni muhula, tunataka sekondari. Walichangisha fedha wao wenyewe kwa ajili ya shule ambayo kodi zao zilipaswa kuilipia. Ilichukua karibu miaka ishirini hadi jengo la 1939 kusimama. Walipolipata, lilikuwa dogo tangu siku ya kwanza.

Kufikia 1951 wanafunzi walikuwa wamepita 450 ndani ya jengo la 180. Hapakuwa na ukumbi wa michezo, wala bwalo la chakula, wala maabara ya maana. Ukumbi mkubwa uligawanywa, madarasa mawili matatu yakifundishwa humo kwa wakati mmoja, jingine jukwaani, na mengine ndani ya basi lililoegeshwa nje. Upande wa pili wa mji, Farmville High School ya wazungu ilikuwa na vyote hivyo. Mabasi ya Moton yalikuwa yale yaliyochakaa upande wa wazungu.

Wazazi walipodai shule mpya, bodi iliwajengea mabanda. Yalikuwa ya mbao, yamefunikwa kwa karatasi ya lami, yamepangwa kando ya jengo la matofali. Mvua ikinyesha yalivuja na wanafunzi walifungua miavuli darasani. Kila banda lilikuwa na jiko lake la kupashia joto, na aliyekaa karibu nalo alitokwa jasho huku aliye nyuma akiandika amevaa koti. Wapita njia kwenye barabara kuu waliuliza kama lile ni shamba la kuku. Bodi iliyaita ya muda. Nimesoma na kufundishwa Tanzania, najua maana ya jengo la muda.

Barbara Johns alikuwa na miaka 16, mpole, msomaji, msichana wa shamba. Baba yake mkubwa, mchungaji Vernon Johns, alikuwa mtu mkali wa maneno, aliyekuwa akihubiri kwenye kanisa la Dexter Avenue huko Montgomery, Alabama. Atakayemrithi kwenye mimbari ile ni kijana aitwaye Martin Luther King. Barbara alimlalamikia mwalimu wake wa muziki, Inez Davenport, juu ya hali ya shule. Mwalimu akamuuliza kwa nini asifanye jambo. Barbara aliandika baadaye kwamba mwanzoni lile swali lilimuumiza, akaona amepuuzwa. Kisha siku moja akachelewa basi lake, akasimama barabarani kuomba lifti, likampita basi la wanafunzi wazungu likiwa nusu tupu. Hapo ndipo aliamua.

Alikusanya wenzake wachache kwa siri, wakiwemo ndugu mapacha Carrie na John Stokes, na walijadiliana kwa miezi. Hawakuwaambia wazazi, maana mzazi aliyejua angefukuzwa kazi kesho yake. Hawakumwambia mwalimu mkuu Boyd Jones, kwa sababu hiyo hiyo.

Asubuhi ya Aprili 23, 1951, mtu alipiga simu shuleni akasema kuna wanafunzi wawili wa Moton wako matatani na polisi kwenye stendi ya mabasi. Mwalimu mkuu akatoka mbio. Mara tu alipoondoka, vikaratasi vilipelekwa madarasani vikiwaita wote ukumbini, vimetiwa saini ya herufi J. Mwalimu mkuu aliitwa Jones na Barbara alikuwa Johns, kwa hiyo hata uongo huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Wanafunzi wakaingia wakidhani ni mkutano wa kawaida. Pazia likafunguliwa. Jukwaani hakuwepo mwalimu yeyote, alikuwepo Barbara na kamati yake. Aliwaomba walimu watoke. Baadhi walisita, naye akavua kiatu, akagonga nacho kwa nguvu, akarudia kuwaomba. Wakatoka.

Alichodai siku ile kilikuwa jengo. Nasisitiza kwa sababu ni rahisi kusahau. Wanafunzi wale hawakugoma ili wakakae na wazungu. Walitaka shule yao wenyewe, nzuri, yenye maabara na paa lisilovuja. Wanafunzi zaidi ya 450 wakatoka nje, na wakakaa nje wiki mbili.

Barbara na Carrie waliwaandikia barua mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mjini Richmond, Oliver Hill na Spottswood Robinson. Mawakili walikuwa na kazi nyingi na hawakuipa uzito Farmville, kaunti ya mashamba, yenye watu wanaojuana. Walipita tu, safarini kwenda kwingine, wakakusudia kuwashauri watoto warudi darasani. Walipowaona wakabadili nia, lakini kwa sharti. NAACP ilikuwa imeshaamua kuacha kudai usawa ndani ya ubaguzi. Kama mnataka tuwatetee, waliambiwa, kesi itakuwa ya kuuvunja ubaguzi wenyewe, si ya kudai jengo. Wazazi walikutana kanisani, First Baptist, kwa mchungaji Francis Griffin, wakabishana, na wengi wakakubali.

Nimewaza sana juu ya sharti lile. Mawakili walikuwa sahihi kisheria, na historia imewapa haki yao. Ila jambo lililodaiwa na watoto lilibadilika mikononi mwa watu wazima ndani ya siku chache, na uzito wa lile jambo jipya ulikuwa mkubwa mara mia. Sidhani kuna aliyekuwa pale aliyeweza kuona mbele miaka minane.

Kesi ilifunguliwa Mei 23, 1951, kwa niaba ya wanafunzi 117. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Dorothy Davis, msichana wa darasa la tisa, kwa hiyo ikaitwa Davis dhidi ya bodi ya shule ya kaunti. Barbara wazazi wake walimpeleka Montgomery kwa baba yake mkubwa amalizie masomo huko, kwa kuhofia maisha yake. Mwalimu mkuu Jones hakupewa mkataba mwingine.

Mahakama ya Richmond ilisikiliza kesi Februari 1952. Upande wa serikali ulimleta Henry Garrett, profesa wa saikolojia wa chuo kikuu cha Columbia, aliyetetea ubaguzi kwa lugha ya kisayansi. Upande wa watoto ukamleta Mamie Clark, mwanasaikolojia mweusi aliyewahi kufundishwa na Garrett huyo huyo. Majaji watatu wakaamua kwa kauli moja kwamba ubaguzi haukuwa umemdhuru mtu wa rangi yoyote, na kwamba kinachotakiwa ni kuyafanya majengo yawe sawa. Na kaunti, kwa kuona moto unakuja, ikajenga kweli. Mwaka 1953 Moton mpya ikafunguliwa, kwa zaidi ya dola 800,000.

Yaani kile walichogomea walikipata. Shule ile haikuwapo 1951, na ikawapo 1953. Kama kesi ingeishia hapo, huenda leo nisingekuwa na la kuandika.

Kesi haikuishia hapo. Ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ikiunganishwa na nyingine nne kwa jina la Brown, na Mei 17, 1954 majaji tisa wakasema kwa sauti moja kwamba shule zilizotengwa kwa rangi haziwezi kuwa sawa. Kati ya kesi tano zile, ya Prince Edward ndiyo iliyokuwa na walalamikaji wengi zaidi, na ndiyo pekee iliyoanzishwa na wanafunzi. Mwaka uliofuata mahakama ikaagiza utekelezaji ufanyike kwa kasi ya tahadhari, kauli laini iliyowapa wanasiasa wa Kusini nafasi ya kuvuta miguu kadiri walivyotaka. Seneta Harry Byrd wa Virginia akaita watu kwenye upinzani mkubwa. Shule za miji kadhaa, Norfolk na Charlottesville zikiwemo, zilifungwa 1958 zisichanganywe, na Januari 1959 mahakama zikakataa kufungwa huko. Virginia kwa jumla ikaanza kusalimu amri.

Prince Edward ikakataa. Mahakama ya rufaa iliagiza shule zichanganywe kufikia Septemba 1959. Mwezi Juni baraza la kaunti likapiga kura kutotenga fedha za kuendesha shule. Hawakuzuia mtu mweusi kuingia shule ya wazungu; walihakikisha tu kwamba hakuna shule ya umma ya kuingia. Milango ikatiwa minyororo na kufuli, ya weusi na ya weupe.

Watoto wazungu walikuwa na pa kwenda. Taasisi binafsi ilikwisha kuandaliwa, Prince Edward Academy, iliyoanza kufundisha kwenye makanisa na kumbi za vyama, baadaye ikapata ruzuku za karo kutoka jimboni na nafuu za kodi kutoka kaunti, na majengo yake yenyewe. Watoto wachache wa wazungu maskini waliachwa nje pia. Watoto weusi, takriban 1,700, hawakuwa na kitu.

Nilipomsimulia mama yangu kwa simu, baada ya shikamoo na habari za mvua, alinyamaza kidogo. Amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, mkoani Iringa, ambako kulikuwa na sekondari ya Wazungu peke yao, St Michael's and St George's, ambayo baada ya uhuru ikawa Mkwawa. Alikumbuka kwamba kwetu mfumo wa shule za rangi tatu, Wazungu, Wahindi na Waafrika, ulifutwa kisheria Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru. Hakuuliza juu ya rangi. Aliuliza, "Na walimu wao je, waliendelea kulipwa?"

Hawakulipwa, Mama. Walimu wazungu walihamia academy. Walimu weusi walifukuzwa kazi kwa mpigo mmoja, wakatawanyika kutafuta ajira kaunti na majimbo mengine. Swali lake lilinifanya nione kitu ambacho nilikipita mara zote: kaunti haikupoteza tu miaka ya watoto, ilipoteza watu wenye shahada wa jamii nzima nyeusi, watu waliokuwa wakisimamia kwaya, kusoma barua za majirani, kuandika maombi ya mikopo. Shule ilipofunguliwa tena, wengi wao walikuwa wameshaanza maisha kwingine.

Watu waliokoa walichoweza. Kittrell, chuo cha AME, kanisa la Wamethodisti weusi, huko North Carolina, kilipokea wanafunzi wa sekondari zaidi ya 60. Wakristo wa dhehebu la Quaker kupitia shirika lao la huduma walitafutia wengine familia za kuwalea katika majimbo ya mbali, wakaenda kusoma wakiishi na watu wasiowajua. Wengine walipelekwa kwa bibi na shangazi. Wengine walivuka mpaka wa kaunti kila asubuhi kwenda Appomattox au Cumberland kwa anwani za kubuni, wakiomba tu asiwepo wa kuwachongea. Kina mama walifungua vituo kwenye vyumba vya chini vya makanisa, wakafundisha kusoma na hesabu, huku wakisema wazi kwamba hiyo haikuwa shule. Kuiita shule kungeipa kaunti hoja mahakamani.

Na waliobaki wakaingia mashambani kuvuna tumbaku, au wakakaa nyumbani kulea wadogo zao.

Kuna uamuzi mmoja wa wakati ule ambao bado sijajua nisimame upande gani. Desemba 1959 viongozi wa kizungu waliunda kampuni ya kuwajengea weusi shule binafsi, nakala ya academy. Wangeweza kusoma mwezi uliofuata. Ombi lililopelekwa lilikuwa moja tu. Mchungaji Griffin na NAACP waliona mtego: wakikubali, kesi inakufa, na shule za umma zinakufa nayo. Griffin hakuwa akihubiri kwa mgongo wa wenzake, kwa kuwa watoto wake mwenyewe walikuwa kwenye kesi na walikuwa nje ya shule, na wafanyabiashara wa mji walimbana kwa madeni. Nikiwa raia naona alikuwa sahihi. Nikiwa mzazi wa mtoto wa miaka saba, sijui ningemjibu nini mtoto huyo Januari ikifika.

Hebu fanya hesabu hii. Mtoto aliyekuwa na miaka sita siku ya mgomo wa 1951 alikuwa na 14 milango ilipofungwa, na 19 shule za kaunti zilipofunguliwa tena. Yule aliyekuwa na miaka sita mwaka wa kufungwa alifika kumi hajawahi kukaa kwenye dawati. Waliogoma walikuwa wamemaliza, wameoa, wameolewa, wako vyuoni. Barbara mwenyewe alisoma Spelman, akaja kumaliza shahada Drexel na kuwa mkutubi Philadelphia hadi kifo chake 1991. Simlaumu hata chembe. Nyumba ya wazazi wake iliteketea kwa moto 1955.

Kiangazi cha 1963 vijana wa Farmville waliingia Main Street na mabango, wakakamatwa. Serikali ya Kennedy, ambayo kisheria haikuweza kuilazimisha kaunti mara moja, ikasaidia kuchangisha fedha za watu binafsi, na Septemba mwaka huo zikafunguliwa shule za bure zilizoitwa Free Schools, kwa mwaka mmoja, katika majengo yaliyokodishwa kutoka kaunti ile ile. Mkuu wake, Neil Sullivan, alitoka New York. Walikuja takriban wanafunzi 1,580, wazungu wakihesabika kwa vidole. Sullivan aliyafuta madarasa ya umri, maana ungempanga vipi mtoto wa miaka kumi na moja asiyejua kushika penseli na mwingine wa umri huohuo aliyesomeshwa na mama yake jikoni? Shule zilifunguliwa hadi jioni na mwisho wa wiki. Katikati ya mwaka huo rais akauawa Dallas, na Mei 1964 mdogo wake, yule wa hotuba ya Louisville, akaja Farmville kuwatembelea watoto.

Wiki mbili baadaye, Mei 25, Mahakama ya Juu ikatoa hukumu yenye jina la Griffin. Jaji Hugo Black aliandika kwamba wakati wa kasi ya tahadhari umekwisha, na kwamba jaji wa chini anaweza hata kuiagiza kaunti itoze kodi ili shule zifunguliwe. Septemba zikafunguliwa. Wanafunzi wazungu karibu wote walibaki academy, ambayo ilikuja kumpokea mwanafunzi mweusi 1986, na leo inaitwa Fuqua School kwa jina la mfadhili wake.

Yaliyofuata yanaweza kusemwa haraka. Wazungu walirudi shule za umma polepole kadiri miaka ilivyokwenda. Jengo jipya la 1953 likabadilishwa jina kuwa Prince Edward County High School, na Moton akafutwa hapo. Jengo la zamani lilitumika kama shule ya msingi hadi 1995, kisha kaunti ikawa haina haja nalo. Waliolichangia na kulinunua ni lile baraza la wanawake, sasa likibeba jina la Martha Forrester, miaka 75 baada ya kuanzishwa. Lilitangazwa alama ya kitaifa ya kihistoria 1998 na makumbusho yakafunguliwa Aprili 23, 2001. Ukumbi bado upo na jukwaa bado lipo. Nikikaa pale huwa natazama jinsi ulivyo mdogo, nashangaa madarasa matatu yalivyosikilizana humo.

Desemba 2020 sanamu ya Robert E. Lee, jenerali wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliyoiwakilisha Virginia ndani ya bunge la Marekani tangu 1909, iliondolewa, na nafasi ile akapewa Barbara Johns. Lee alipita Farmville Aprili 1865 akikimbia, siku chache kabla ya kusalimu amri Appomattox, kwa hiyo mabadilishano hayo yana utamu wake kwa mtu anayeijua ramani.

Na waliofungiwa? Juni 2003 kaunti iliwapa vyeti vya heshima vya kumaliza sekondari. Mwaka 2004 bunge la Virginia likaanzisha mfuko wa masomo kwa waliokosa shule wakati wa upinzani mkubwa; milioni moja ya dola zake ilitoka kwa tajiri mmoja, John Kluge. Fedha hizo zilikuwa za kusomea chuo, au kumalizia sekondari kwa ambaye hakuimaliza. Mtu aliyekuwa aanze darasa la kwanza Septemba 1959 alikuwa na miaka 51 sheria ile ilipopita, na fomu ya maombi ilibidi aijaze kwa maandishi.